Kulabu ya Skelbeck

Bisibisi ni ndogo, ya kukazia miwani.
Nimesimama juu ya kigoda
katika chumba cha makoti, Baraza la Malodi, Westminster,
nafungua kibao cha shaba: SKELBECK.
Skurubu ya kwanza imetoka.
Ya pili imeota kutu, yang'ang'ania ubao
kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

Miaka ishirini na sita nimepokea makoti
ya watu ambao sikuwachagua.
Wengine cheo walikipata kwa kazi,
wengine, husemwa kwa sauti ya chini, kwa hundi.
Huyu alikipata kwa kuzaliwa,
na kwa kaka yake kuanguka kutoka kwa farasi.

Baroni wa tisa.
Wa kwanza, wenyewe husimulia,
alimkopesha mfalme farasi arobaini,
na mfalme, hazina ikiwa tupu,
akalipa kwa jina.
Jina halili majani. Jina halichechemei.
Likashuka kutoka baba hadi mwana kama pua,
likawaruka mabinti wote.
Nimewaona kwenye picha, mabinti wanane,
pua ileile.

"Winifred," aliniambia siku moja, koti likichuruzika,
"paa la nyumba yangu linavuja mahali kumi na nne.
Nina ndoo kumi na mbili."
Nilicheka naye.
Njiani kurudi nikakumbuka dari la mama, Deptford,
lililovuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda,
na hakuna aliyetuita waheshimiwa.

Joho lake jekundu, watalii wakiliona kwa mbali
hudhani ni manyoya ya thamani.
Lilikuwa sungura. Nondo walijua.

Miaka thelathini na mmoja, alisimama kusema mara nne.
Mara mbili aliwatetea mikunga wa mtoni.
Mara moja aliomba radhi kwa kukoroma.
Mara ya nne ilikuwa usiku, muswada wa maji machafu,
ukumbini watu kumi na mmoja, mmoja wao kalala.
Aliomba neno moja libadilishwe:
palipoandikwa kampuni "inaweza" kusafisha,
paandikwe "sharti".
Wakabishana saa mbili kwa ajili ya neno.
Sharti likapita.
Nyuma ya nyumba ya dada yangu kuna mto.
Zamani tulifunga madirisha. Siku hizi wajukuu huogelea.
Sisemi ni yeye.
Nasema tu neno lilikuwa lile.

Lakini kama angesimama usiku ule
akaomba "sharti" igeuzwe "inaweza",
ningemfanya nini mimi?
Cheo ni dhamana, sawa.
Dhamana ina mwenye kuidai.
Hawa, nani huwadai?

Sheria ilipopita, ya kuwaondoa wenye viti vya urithi,
alikuja akatundika koti mwenyewe.
Hakuniachia. Akalitazama likining'inia.
"Babu yangu," akasema, "hakuja hapa hata siku moja.
Alichukia treni."
Kisha akalivaa tena, akaenda,
akasahau mwavuli.

Wiki ijayo anakuja mwingine:
Nusrat Baig wa Rochdale, mkunga mstaafu,
watoto elfu tatu na zaidi wamepita mikononi mwake.
Ametoka mtetezi wa mikunga, anaingia mkunga.
Jana alikuja kuonyeshwa mlango.
Mfupi; akainua mkono, kulabu haifiki.
"Hakuna ya chini kidogo?"
Nikamwambia hazijawahi kushushwa.
Nimempenda, sifichi.
Ila naye hakupigiwa kura.
Alipigiwa simu.

Mwavuli uko pale pembeni, mpini wa pembe, umepasuka.
Fundi seremala nimemwita aje na keekee,
tupime urefu wa mkono wa bibi huyu.
Skurubu ya pili bado.
Nimeitia tone la mafuta.
Nangoja.