Rangi Tatu

Miaka thelathini na minne nauza leso
Mtaa wa Biashara, mlango wa tatu kutoka kona.
Jicho hili halidanganyiki:
nyekundu ikihama uzi mmoja tu kwenye pindo,
jora zima narudisha.

Basi waliponidunga sindano kumi na mbili
za kupapasa, mahali nisipopataja mbele ya wajukuu,
wakasema, "Safi, nenda nyumbani,"
na hesabu ya damu mwaka wa pili ikazidi kupanda,
nikajua kuna rangi haijapigwa.

Daktari Mwanakombo ni mzaliwa wa Kibokoni;
mamake bado ana deni langu la doti mbili.
Namwonea haya. Yeye hana muda wa haya.
Akaweka kiooni picha ya sumaku:
kivuli, labda kovu, labda si kitu.
Ya mawimbi ya sauti: chengachenga,
televisheni isiyoshika stesheni.
Ya dawa inayowaka: nukta isiyo na mwili.
Kisha akazilaza moja juu ya nyingine,
pindo kwa pindo, mji juu ya mji.

"Ngoja," nikasema. "Ya tatu imehama."

Akatazama. Akaisogeza upana wa uzi.
Chini kushoto mwa tezi, ndani ya kivuli chake,
ikakaa punje ya ufuta.

"Safari hii sindano ina macho," akasema.

Nyumbani Bi Rukiya akauliza, "Wamesemaje?"
Mimi niliyewasomea wake za watu
majina ya leso maisha yangu yote
nikakosa la kusoma.
Nikamshika mkono,
nikamchorea ufuta kiganjani.