Tembo wa Kabwe

Gwamaka kabandika karatasi
kwenye nguzo ya taa pale Kabwe,
mraba wa madoa meusi, kama kitambaa kilichotafunwa na panya.
"Elekezeni simu hapa," anasema, "mumwone tembo
akishuka Loleza kuja kunywa
palipokuwa na kijito. Sasa ni mtaro."

Simu yangu ni kitochi.
Ina taa, ina saa, ina nyoka wa kula vitone.
Tembo haingii.

Basi mimi naona watu tu.
Fundi cherehani kaacha suruali ya mtu na mguu mmoja,
mama wa parachichi kainua simu hadi kilemba kimedondoka,
wanafunzi wanarudi nyuma, wanakanyagana,
na bodaboda,
bodaboda, jamani, asiyepisha hata jeneza,
kazima pikipiki, anangoja kitu kivuke.

Kilichovuka sikukiona.
Niliona upana wake:
umati ulivyopasuka katikati, ukapinda kidogo,
vichwa vyote vikigeuka pamoja, polepole.

Mimi nina magunia sita ya viazi vya Umalila,
mteja ananisubiri Mwanjelwa,
na baridi hii ya Julai, ukisimama tu
jasho la mgongoni linageuka bati.
Nikaona njia nyeupe. Nikasukuma.

"We Ambakisye! Unampita tumboni!"
Vicheko, miluzi. Mtoto mmoja akalia kwelikweli.
Nikasimama, mikono kwenye vipini.
Hewa ya pale ilikuwa hewa,
mahindi ya kuchoma na moshi wa dizeli.
Nikasema samahani. Sijui kwa nani.

Gwamaka akanipa simu yake, chaji asilimia mbili.
Nikaona sikio. Nadhani ni sikio:
kitu cha kijivu kikipepea, na mlima nyuma yake.
Kisha kioo kikazima, nikabaki na uso wangu.

Agosti upepo uling'oa karatasi.
Gwamaka yuko Tunduma, nasikia, anachora mabango ya saluni.
Nguzo imebaki na gundi,
na tangazo la mganga juu ya gundi.

Saa kumi na moja alfajiri, Kabwe tupu, ukungu,
nikifika hapo naegemea kushoto,
mzigo unalia, gurudumu linapanda ukingo,
nazunguka.

Walinzi wa benki wamejifunika mablanketi, wananicheka:
"Unampisha nani, mzee wa viazi?"

Anakunywa, nawaambia.