Baridi ya Kiasi

Mimi huuza barafu Mwaloni, Kirumba.
Saa kumi alfajiri nalipasua bonge kwa shoka butu,
vipande vinaruka, vinaniuma vifundoni,
na wenye sangara wananiita kwa jina la bidhaa:
“Barafu! We Barafu, leta mbili huku!”
Jina langu ni Kwandu. Naitika tu.

Mwaka wa sita huu nina sukari.
Ndivyo tunavyosema, nina sukari,
kama mtu aliyeficha kilo mbili uvunguni
na watoto wake wanakunywa uji mtupu.

Vidonge viliposhindwa, nesi alinipa kichupa.
Insulini, akasema, iweke penye ubaridi.
Nikacheka hadi wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka.
Dada, ubaridi?
Ubaridi ndio mimi.

Nikakizika kichupa katikati ya barafu,
ndani kabisa, mahali ambapo hata sangara
wa siku nne bado ana macho ya aibu.
Nilidhani ninakipa heshima.

Nikachoma asubuhi, nikachoma jioni.
Kiu ikaja, ikakaa, ikavua viatu.
Ndoo ya maji nikaimaliza kama ng’ombe wa Magu,
usiku nikawa mtu wa kwenda chooni na kurudi,
na taa za Kapripointi, ng’ambo kule,
zote zikaota manyoya.
Mashine ndogo ikalamba tone la kidole:
ishirini na saba.

Nesi alikiinua kichupa dirishani.
Vijipunje vilielea ndani, kama magamba.
“Hii iliganda, ikayeyuka, ikafa.
Ulikuwa unajichoma maji.”
Sikulia kwa ugonjwa. Nililia kwa fani yangu.

Basi nikaenda kwa Lugembe, muuza vyungu.
Nataka viwili, kimoja kiingie kwenye mwenzake.
“Unapika nini, mama?”
Napika baridi.
Alinitazama, akapunguza bei bila kuombwa.

Kati ya chungu na chungu nikamwaga mchanga wa ziwa,
nikaulowesha, nikafunika kitambaa chenye maji,
nikakisukuma kona isiyojua jua,
nyuma ya gunia la michembe ya mama mkwe.
Michembe yenyewe sasa naihesabu.
Vipande vitano, si bakuli.
Mama mkwe hudhani namdharau.
Nimeshamweleza mara tatu; ya nne naiogopa.

Tumbo langu nimelijua upya:
leo kushoto, kesho kulia,
nisirudi kwenye tundu la jana.
Mwanangu Ndalahwa husoma mistari ya bomba
kwa sauti ya mwalimu, “Kumi na mbili, mama, umepitiliza,”
nami narudisha nusu mstari, nakubali kusahihishwa.

Kuna siku nilichoma, kisha boti la Ukara
likataka barafu yote papo hapo, na ugali ukangoja.
Nikiwa kwenye ngazi za mawe, Mabatini,
magoti yakawa ya mtu mwingine,
jasho la baridi likanishuka shingoni.
Baridi tena! Hata ndani ya damu imenifuata.
Vidole vikapapasa pindo la khanga,
fundo likagoma, nikalifungua kwa meno:
pipi mbili, zimeshikamana na karatasi.
Nikazila na karatasi yake.
Nikakaa juu ya jiwe, wapita njia wakinikwepa,
nikisubiri sukari iniokoe
na dawa ya sukari.

Asubuhi, kabla ya shoka, natia kidole mchangani.
Ukiwa mkavu, naongeza kikombe cha maji.
Ukiwa umelowa, nauacha.
Kichupa hutoka kikiwa baridi kama shavu la mtoto
aliyetoka kuoga, wala si zaidi.

Kisha nashuka Mwaloni.
Mteja hugusa bonge, hukunja uso:
“Mama Barafu, hii mbona haijakaza?”
Zamani ningemtukana.
Siku hizi huweka kiganja juu yake,
nikafikiri kwanza.