Rangi ya Waridi

Wadi ilishuka Ibra usiku wa Jumatatu,
ikabeba mapipa, mbuzi wawili wa Hilali, mlango wa duka la mikate,
na kulipokucha ikatulia kana kwamba haikumkosea mtu.
Mimi nikapewa sanduku la buluu,
vichupa kumi na viwili, vidonge vya kupimia,
na orodha ya nyumba zenye visima.

Kazi yenyewe haina makuu:
chota, jaza hadi mstari,
tia kidonge, ziba, tikisa, inua juani.
Klorini ikiwamo, maji huiva
rangi ya waridi la Jabal Akhdar mwezi wa nne.
Isipokuwamo hubaki meupe,
meupe ya kupendeza, meupe ya uongo.

Bi Ghaniya alinikaribisha kwa Kiswahili cha Unguja,
kile alichorudi nacho mama yake
pamoja na sanduku la mkangazi.
"Kisima hiki babu alikichimba kwa mikono yake.
Hayo ya bomba lenu yananuka hospitali."
Akanimiminia bilauri kutoka mtungini.
Baridi. Yakanukia marashi:
tone moja tu, alisema, heshima ya mgeni.
Nami nikamsikia mjukuu wake, Muadhi,
akikimbilia chooni mara ya tatu
tangu nivue viatu.

Sikunywa.
Mgeni kukataa maji ni tusi, najua.
Nikayamimina kichupani, nikatia kidonge,
tukatazama kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani.
Haukuandama.
"Si unaona? Masafi."
"Bi Ghaniya, waridi lako limo puani tu."
Hakujibu. Kule ndani mtoto aliita, "Bibi,"
kwa sauti iliyokauka.

Alasiri akaja Shafiqul na lori la maji,
ndoo ya unga mweupe mkononi, kitambaa puani.
Kiarabu chake maneno arubaini, yote ya kazi:
mita ngapi, kina gani, rudi nyuma, usiguse.
Tukapima, tukakoroga, tukamwaga,
harufu ikatutoa machozi sote watatu.
"Msiyanywe hadi niyapime tena," nikasema.
Subira huvuta heri, ndivyo tulivyofunzwa;
humu kisimani subira ina kazi nyingine,
inaua, polepole, gizani,
visivyoonekana na jicho.
Muadhi akapelekwa zahanati, akanyweshwa chumvi na sukari
kijiko kwa kijiko.

Nani huandika habari za homa isiyokuja?
Kaburi lisilochimbwa halina anuani.
Daftari langu lina safu moja ya namba,
sufuri nukta tano, sufuri nukta nne,
na kando ya kila namba nyumba
ambayo watu wake walilala usiku kucha
bila kujua kwamba hilo ni jambo.

Wiki ya pili nilirudi.
Muadhi alikuwa darini akilipiga teke tangi, likilia ngoma.
Kichupa kikaiva.
Bi Ghaniya alininyang'anya,
akakizungusha juani kwa muda mrefu
kama anayechagua kikuku sokoni.
"Kahawa yangu mmeiharibu," akasema,
akamimina.

Kweli, ilikuwa na hospitali kidogo kwenye ncha ya ulimi.
Nilipomaliza sikukitikisa kikombe.
Akanitazama.
Akamimina tena.