Maji Vuguvugu

Yawe vuguvugu, Ngaire alisema,
kama ya kumwogesha kichanga.
Usiisugue. Usiikamue. Ikunje na taulo, ibonyeze,
ilaze kivulini; ukiianika kambani
mikono itarefuka kama ya mwombaji.

Nilisikia nusu.
Nikaitia mashineni, maji ya moto,
merino ya kondoo niliowanyoa mwenyewe.
Ikatoka ngumu, imejikunyata,
ya kumtosha mtoto wa mwaka.

Hakugomba. Aliitazama kwa muda,
akanitazama na mimi,
akaitia droo ya chini.

Septemba, theluji ya kuchelewa huku Ranfurly.
Mwanakondoo yatima anatetemeka kando ya jiko.
Ngaire anapiga magoti, anafungua droo.
Miguu ya mbele inapenya mikononi
bila taabu.

"Hii sasa," anasema, "usiifue."