Jaribio la Kumi na Saba

Nyuma ya Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo,
ndizi zikishahukumiwa bei na kuondoka,
vinabaki vikonyo vya mikungu na majani makavu
yaliyokuja yakiwa godoro la safari kutoka Tukuyu.
Hayo ndiyo yangu.
Nayapakia kwenye toroli la kuazima,
na kila alfajiri mlinzi ananiuliza:
"Una mbuzi wangapi, Fundi Ngole?"
Sina mbuzi. Nina sufuria.

Nachemsha, naponda, nachuja kwa chandarua kikuukuu,
naongeza wanga wa maganda ya muhogo,
natandaza rojo juu ya bati.
Jua likipenda, linakauka kabla ya adhuhuri.
Lisipopenda, naamka na shamba la kuvu.

Jaribio la tatu lilipasuka likiwa na karanga.
La tisa lilinuka kama kwapa la mpagazi.
La kumi na mbili nilimpa Bi Sihaba afungie ubuyu wake.
Kulipokucha, sisimizi walikuwa wamekula mfuko,
ubuyu wameuacha.
"Fundi, umenifungia chakula kwa chakula!"
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Nikamlipa elfu nane.

Miaka kumi na tisa nilisimama Barabara ya Pugu
mbele ya mashine, zamu ya usiku,
nikipuliza rambo: za buluu, nyeusi, za mistari,
maelfu kwa maelfu kabla ya adhana.
Sikuuliza zinakwenda wapi.
Mshahara uliijua njia ya nyumbani, basi.

Kisha mwaka ule Msimbazi ukafura,
ukaingia kwetu Kigogo bila hodi.
Maji yalipotoka, kwenye mguu wa kitanda
palikuwa na rambo imejisokota.
Nikaifua tope. Kwenye pindo, muhuri mdogo:
mashine namba nne, zamu ya tatu.
Mashine yangu.
Zamu yangu.
Ilipochapwa, binti yangu alikuwa hajatambaa;
sasa ana mtoto mgongoni,
na ile rambo bado ingebeba kilo mbili za sukari.

Watu hudhani kazi ni kukifanya kitu kiwe imara.
Uimara naujua, nimeupuliza ujana wangu wote.
Kigumu ni kukifundisha kitu kufa kwa wakati:
kivumilie fukuto la Machi,
vidole vyenye mafuta,
rafu za duka la Mbagala mwezi mzima,
kisha, kikishamaliza, kiage
kisidai urithi kwa wajukuu.

Leo ni la kumi na saba.
Ndani nimepaka nta ya nyuki;
kwenye rojo, kwa ajili ya sisimizi, mwarobaini.
Siku tano juani, siku tano chini ya mtungi.
Bi Sihaba amefungua, amechukua kokwa moja ya ubuyu,
amemumunya,
amekunja uso hadi masikio yamesogea.
"Chungu."
Amevuta mfuko huku na huku, haukupasuka.
Ameumwagia maji, ameukung'uta.
"Lakini umekaa."

Nimefungua daftari, ukurasa una madoa mekundu.
Kumi na nane:
punguza mwarobaini.