Nzuri Vipi

Bwana Makundi aliniita ghorofani saa nne,
akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.
Hapo nikajua si lawama.
Wa lawama huuacha wazi, tusikie wote.

"Kaa, Ndeshi. Chai?"
Chai! Kiwanda kizima cha kahawa, hapa Moshi,
na mkurugenzi anakunywa ya rangi.
Akataja cheo: Meneja wa Mauzo.
Akataja nyumba, Shanty Town, na gari lenye dereva.
Mshahara hakuutaja. Aliuandika,
akanigeuzia karatasi taratibu
kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto.

Sitasema uongo.
Papo hapo, kwa macho, niliezeka upya nyumba ya mama,
nikalipa ada ya Eliamani hadi kidato cha sita,
nikabaki na chenji.

"Usinijibu leo," akasema. Anaijua kazi yake.

Siku tatu nilishuka chumba cha kuonjea,
nikapanga vikombe, nikavuta kwa kijiko
ule mvuto wa kelele
ambao mezani kwa bibi ungenipatia kofi,
nikatema.
Miaka kumi na minne nalipwa kutema.
Uru: mtu ameanika karibu na zizi la mbuzi.
Kibosho: mvua iliwawahi.
Lyamungo, lo! Ua la mchungwa,
na nyuma yake, kwa mbali, sukari guru iliyoanza kuungua.

Shangazi alisema ukubwa jalala,
akafikiri kidogo, akaongeza:
lakini hili, mwanangu, ni jalala lenye dereva.

Yeye ndiye aliyenitoa meza ya kuchambua mbegu,
akaniambia, "Huyu pua yake isipotee."
Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale.
Anayekataa heshima, je, amekosa?
Nilitazama mlima. Ulikuwa umejifunika,
haukutaka kesi.

Siku ya nne nikapanda ngazi na kikombe.
"Onja."
Akaonja. "Nzuri."
"Nzuri vipi?"
Akacheka, akalitafuta neno dirishani,
kwenye mapaa, kwenye malori ya magunia.
Hakulipata.
"Mimi nakaa na hilo neno, mzee. Niache nalo."

Akaikunja karatasi mara mbili, tatu,
mpaka ikawa ndogo kama punje.
"Nafasi hii hairudi, Ndeshi."
"Najua."
Kikombe hakukimaliza.

Kiti amepewa Tumsifu, niliyemfundisha kushika kijiko.
Siku hizi likizo yangu anaisaini yeye,
kwa kalamu nzuri, bila kuniangalia.

Masika yameingia.
Jumapili mama alisogeza sufuria chini ya tundu la bati,
akasikiliza tone, tone,
akauliza, "Na wewe ukamjibu nini?"
Nikachovya kidole, nikaonja.
Kutu. Na moshi kidogo, wa jikoni.